Kiambishi Kilichoniponza

Nilikuwa na daftari la misamiati ya Kiingereza, lile dogo la mfukoni. Maneno kumi kila siku, mvua inyeshe jua liwake. Darasani wakanibandika jina la Kamusi, nami badala ya kukataa nikaanza kutembea kikamusi.

Balaa lilianzia kwenye inflammable. Nilishafundishwa kwamba in- hukanusha: correct ni sahihi, incorrect si sahihi. Sasa flammable ni kitu kinachoshika moto upesi, basi nikatarajia inflammable iwe kisichoungua hata ukimwagie petroli. Nafungua kamusi: kinashika moto upesi. Yaleyale! Nikakimbilia invaluable nikidhani ni kitu kisicho na maana. Kumbe ni chenye thamani kubwa mno. Hapo nikaona nimefumbua siri waliyotuficha walimu. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika: "in- = SANA."

Wiki hiyohiyo shule ikapata mgeni rasmi wa mdahalo, mwandishi wa habari mstaafu. Hotuba ya kumkaribisha angeisoma nani kama si Kamusi? Famous niliiona nyepesi. Famous ni mashuhuri tu, na huyu mzee alikuwa mashuhuri sana. Nikasimama, nikakohoa kidogo kama wakubwa, nikatamka: "Our infamous guest!"

Mwalimu wa Kiingereza, aliyekuwa akitikisa kichwa kwa kuniunga mkono, kichwa kikamgandia katikati. Nikadhani neno limempita kimo. Nikalirudia, safari hii nikilikokota ili kila mtu alionje. Mkuu wa shule akainama kutafuta kitu chini ya meza.

Infamous, kwa wasiojua kama mimi siku ile, ni mtu aliyevuma kwa uovu. Nilikuwa nimemtambulisha mzee wa watu kama jambazi, mara mbili, kwenye kipaza sauti.

Mgeni akakishika. "Nashukuru," akasema. "Nilidhani habari zangu hazijafika huku." Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Baadaye mwalimu akanikalisha chini. Kumbe zipo in- mbili, zote za Kilatini: moja ya kukanusha, nyingine ya "ndani", na hiyo ya pili ndiyo iliyojificha kwenye inflammable, kutia moto ndani. Invaluable nayo inakanusha kama kawaida: thamani yake haikadiriki.

"Na kisicho na thamani je, Mwalimu?"

"Valueless. Na kalamu nyekundu niachie mimi."

Mgeni alipokuwa akiondoka aliomba alione hilo daftari. Alipofika kwenye ule ugunduzi wangu alicheka mpaka akavua miwani afute machozi. Hakuukata. Chini yake akaandika, kwa mwandiko mzuri wa kizamani: "Your infamous guest," akatia sahihi.