Binti wa Iringa, asiwe mkubwa

Jumapili nimepata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mtu niliyesoma naye, siku hizi yuko Dar, mambo yake safi. "Kamwene! Nitafutie binti wa kazi za ndani wa huko Iringa, asiwe mkubwa. Wakubwa wana mambo mengi." Huyu ndugu si Mhehe, hajawahi kuwa Mhehe, ila akiwa na shida Kihehe kinamjia chenyewe.

Maombi ya namna hii tumeyazoea. Kila Septemba, darasa la saba wakishamaliza mtihani, simu za watu wa Iringa, Njombe na Mbeya hazipumui. Matokeo bado, kidato cha kwanza mpaka Januari, mtoto yuko nyumbani, na shangazi wa jirani anajua nyumba moja Tabata, Dar, wanatafuta dada wa kazi. Kilichonichefua ni hilo sharti la "asiwe mkubwa".

Hebu tuulizane. Nani anatafuta fundi ujenzi mdogo? Dereva mdogo? Mpishi wa harusi mdogo? Kazi zote tunataka mzoefu. Kazi ya kubaki kutwa na kichanga, jiko la gesi na pasi ya umeme ndiyo tunaitafutia mtu ambaye juzi alikuwa anaruka kamba. Sababu tunaijua. Mkubwa atauliza mshahara kabla hajapanda basi. Atataka Jumapili yake ya kupumzika. Usipomlipa miezi miwili atakwenda serikali ya mtaa, au ataondoka zake. Mdogo hajui hata stendi iko upande gani. Mshahara wake "unamtunzia", ukimfokea anainama, na kwao akipiga simu anapiga kwa simu yako, wewe umekaa pembeni. Hayo ndiyo "mambo mengi" tunayoyakimbia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Akifika 14 ni kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikakataza na kazi za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Sasa saa 11 alfajiri nani anawasha jiko nyumbani kwako? Niliwahi kulala kwa watu Dar. Saa 12 kasoro nikamkuta binti getini, kandambili za kiume miguuni, mkoba wa katuni begani, anasubiri basi la shule pamoja na mtoto wa bosi. Mwenye mkoba alikuwa darasa la sita, na alimzidi kimo aliyembebea. Chai ilipoletwa mama mwenye nyumba akaniambia, "Huyu tunaishi naye kama mtoto wetu." Mtoto wenu yupi, mama? Yule aliyepanda basi?

Sawa, najua mtakachosema. Sisi tumekulia shambani, na mimi nimechuma chai Mufindi asubuhi za Julai vidole vimekufa ganzi, sikufa. Kufundisha mtoto kazi hakuna sheria inayokukataza. Wapo pia mabosi waliowapeleka mabinti cherehani, hata chuo cha ufundi cha VETA. Mungu awabariki, wote hawajazi kosta. Na mzazi asiye na hela ya mbolea akisikia 60,000 kwa mwezi, ambacho ndicho kilikuwa kima cha chini kilichowekwa 2022 kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri, simlaumu sana. Kidogo namlaumu.

Halafu sera mpya ya elimu inataka miaka 10 ya shule ya lazima. Anayeanza na miaka 6 atatoka na 16. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani unasema umri wa kuajiriwa usiwe chini ya ule wa kumaliza shule ya lazima. Hiyo 14 ni nafuu waliyoachiwa nchi maskini. Tuipandishe basi.

Ila hata ikipanda, ofisa kazi anaweza kuingia mashamba ya chai Rungwe au machimbo ya Chunya akakagua. Sebuleni kwako, na geti na mbwa, ataingiaje? Pa kuzuia ni huku, kabla ya basi. Mbao ikitoka Mafinga bila kibali cha kusafirishia inakamatwa kizuizini. Mtoto wa miaka 13 anateremka mlima Kitonga kwenda Dar na begi lake, hakuna anayemuuliza anakwenda kwa nani. Mwalimu mkuu ana orodha ya waliomaliza, mtendaji wa kijiji anawajua wazazi wao. Wakae Oktoba, wakae tena Januari, waulize jina kwa jina: yuko wapi? Na yule anayepokea nauli na hela ya soda kwa kila binti anayempakia, naye aitwe. Tunamjua wote, na kwenye harusi tunamkalisha meza ya mbele.