Ile Sauti ya Kanisani Ilikuwa Imeili Zangu

Kabla hamjaendelea kuizungusha hadithi hii kwenye vikundi, nisikieni mimi mwenyewe. Rafiki yangu wa Kondele, ambaye Jumapili hiyo hakukanyaga Maragoli wala hata kufika Maseno, anawaambia watu kwamba laptopu yangu iliingiwa na pepo katikati ya ibada, na mchungaji akaiwekea mikono. Uongo mtupu. Mchungaji aliigusa, ndiyo, lakini alikuwa anatafuta mahali pa kuizimia.

Kazi yangu mnaijua. Wateja wa Marekani hunitumia mahojiano ya sauti, nami naandika kila kilichosemwa, hata mtu akikohoa. Mtandao wa kwetu pia mnaujua: mchana soko zima la Mbale limeing'ang'ania busta, ule mnara wa simu, na mimi nimejificha nyuma ya yale mawe makubwa. Faili ya sauti ya megabaiti 15 ikifungwa ndani ya imeili inavimba kwa theluthi moja hivi, inafika 20. Ukianza kuipakua mchana na maharagwe yako jikoni, maharagwe yanatangulia kuiva. Basi miezi yote hii nimekuwa nikiamka saa nane usiku, bando la usiku likiwa bei ya chini na watu wamelala, nabonyeza, nakaa hapo nikisinzia mbele ya kioo. Mama akaanza kuuliza huyo msichana wa usiku ni wa wapi.

Jumamosi nikasema imetosha. Nikaweka fetchmail, programu inayokwenda kwenye seva, inachota imeili zako na kuzileta kwenye mashine, uzisome baadaye hata mtandao ukipotea. Nikamkabidhi kroni, yule mlinzi wa ndani ya kompyuta anayeamsha programu kwa saa uliyomwandikia. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa heshima leo. Lakini nilikuwa na nusu saa ya bure, nikaongeza espeak, isome kwa sauti kichwa cha kila imeili inapotua, kwa lafudhi ya Kiswahili, ili nijue nikiwa kitandani kama kazi imeingia. Nikaijaribu, ikasoma, nikacheka peke yangu. Kabla ya kulala nikajitumia imeili ya kujiamshia. Nikaituma mara tatu, maana usingizi wangu ni mzito.

Kroni anataka dakika kwanza, kisha saa. Saa nane kamili. Nikaandika 0, nikaandika 8. (Wenye akili washaanza kucheka. Sisi wengine tuendelee.) Nikaweka stetasi, wengi mliiona: "Mimi nalala, mashine inachapa kazi." Mliobonyeza moyo, nawadai hiyo mioyo.

Asubuhi nikaamka kimya. Hakuna sauti, hakuna imeili. Nikadhani wateja nao wamepumzika. Nikabeba laptopu kwenda ibada ya kwanza, simu mfukoni, hotispoti ikiwaka tangu usiku. Kanisani mimi ndiye kijana wa mitambo: laptopu inaonyesha maneno ya nyimbo ukutani, na waya wake wa sauti unaingia kwenye miksa, na miksa kwenye spika mbili zenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu.

Saa mbili kasoro dakika chache, maiki ya mimbari ikaanza kukwaruza. Nikaacha meza yangu kule nyuma, nikaenda mbele, nikachutama chini ya mimbari, waya mmoja nimeuuma kwa meno. Mchungaji akaona atumie nafasi hiyo vizuri. Akasema, "Sasa tunyamaze. Kila mtu asikilize Bwana anamwambia nini."

Tukanyamaza. Nje kuku wa jirani akawa anakwaruza changarawe, ukimsikia kucha kwa kucha.

Sasa kumbukeni: Jumapili asubuhi soko limefungwa, na simu za kijiji kizima zimezimwa kwa heshima ya ibada. Busta yote ilikuwa yangu. Mtandao ambao nimeulilia mwaka mzima ulikuja siku hiyo, mbio.

"PAIMENTI SENTI," ikasema spika, kwa sauti ya mtu mwenye mafua aliyefungiwa ndani ya pipa. "MIA MOJA NA THEMANINI. DOLARSI."

Kiingereza ilikivunja mbavu. Tarakimu, kwa bahati yangu mbaya, ilizitamka kwa Kiswahili safi cha redioni. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeiambia kamati ya mabati ya kanisa kwamba mwezi huu mambo ni magumu. Nikamwona mhazini kwenye benchi la tatu: macho ameyafumba kama mtu anayeomba, ila vidole vinahesabu.

Nikatema waya. Nikasimama. Mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, kwa hiyo nilianza safari ya kurudi nyuma nikiuburuta kama gunia, katikati ya watu wote, bila hata kinanda cha kunisindikiza.

"MPENDWA MTEJA. DENI LAKO LIMEPITA SIKU KUMI NA NNE."

Upande wa akina mama mtu akasema "Yesu wangu." Sauti ile niliijua, ndiyo iliyoninyonyesha. Wanaume watatu wakainamisha vichwa, kila mmoja akijua ni yeye anayesemwa. Nawaheshimu bado, lakini nimewaona.

Kisha kimya. Hatua ya tano, ya sita. Viatu vyangu vipya vinalia kwii, kwii. Kimya bado. Nikajiambia zimeisha. Hazikuwa zimeisha, ilikuwa inaingia ile nzito ya megabaiti 20. Nikapunguza mwendo, hata nikanyoosha pazia moja njiani, mseme ndicho nilichokuwa nimefuata. Mchungaji akakohoa, akanyanyua mikono: "Ndugu zangu, hakika tumesikia..."

"AMKA, MVIVU WEWE! KAZI IMEFIKA!"

Kuna mzee wetu mmoja wa benchi la mbele ambaye mahubiri humbembeleza. Aliruka juu, fimbo ikaenda upande wake, akajibu kwa sauti kuu: "Nimeamka, Bwana!"

Watoto wakaangua kicheko. Nikakimbia. "AMKA, MVIVU WEWE! KAZI IMEFIKA!" Nikafika mezani, nikang'oa waya. Ulikuwa wa projekta. Ukuta ukawa mweupe, sauti ikabaki. Mchungaji naye alikuwa amefika, kiganja kimetua juu ya kibodi, anabonyeza chochote kinachobonyezeka, na hapo ndipo mtu mmoja kwa mbali akadhani anaombea. "AMKA, MVI..." Nikaung'oa waya wenyewe. Spika zikapiga puu, mtoto akalia, kwaya ikaanza wimbo bila kuambiwa.

Mengine ni mafupi. Mhazini ameniandika mabati 10 bila kuniuliza. Kredo yote ya simu imeliwa, maana bando la usiku lilikwisha alfajiri. Ile imeili ya deni imefutika kwenye seva, kwa sababu fetchmail usipoiwekea neno keep inachota na kufuta. Deni lenyewe halikufutika. Na kosa lilikuwa moja tu: kroni anaanza kuhesabu katikati ya usiku, sisi tunaanza jua likichomoza. 8 yake ni saa mbili asubuhi. Saa nane yangu ya usiku kwake ni 2. Miaka yote nimeona saa ya simu ikiandika hivyo, lakini kichwani bado nasoma saa ya mama.

Mama mwenyewe hakusema kitu njia nzima. Wakati wa chakula ndipo aliposogeza sahani ya mrenda kando, akaniuliza, "Huyo mtu wako wa kwenye kompyuta, anaweza kuniamsha saa kumi na moja alfajiri nikakamue?"

Nimemwekea. 0, kisha 5. Nimehesabu kwa vidole mara tatu.