Bado Marudiano

Kuna mteja amekaa kwenye benchi langu hapa Tandika tangu saa nne asubuhi. Suruali yake ya harusi ina mguu mmoja. Harusi ni leo, saa kumi jioni, na bwana harusi ni yeye. Kila nikimtazama anatazama saa, kila akinitazama mimi natafuta sindano. Sasa hivi mdomo umeniponyoka, nikamwambia, "Tulia kaka, bado marudiano." Akauliza, "Marudiano ya nini, fundi?" Hapo ndipo nikaiona ile kofia ya kijani na njano aliyoiweka magotini. Mwananchi, yaani mtu wa Yanga. Hawezi kuelewa.

Jamani, ugonjwa huu sikuutafuta, nimerithi. Wenzangu wamerithi mashamba, wengine pumu. Mimi nimerithi Mufulira.

Mwaka 1979 Simba ilipangwa na Mufulira Wanderers ya Zambia kwenye Klabu Bingwa Afrika. Mechi ya kwanza hapahapa Dar, tukapigwa 4-0. Nyumbani! Marehemu baba alikuwa uwanjani. Alirudi kwa miguu, hakula, na usiku uleule akaiuza redio yake ya betri kwa jirani yetu wa Yanga, kwa bei ya hasira. Akaapa hataki kusikia habari za mpira mpaka aingie kaburini.

Ikafika siku ya marudiano kule Lusaka. Jirani akaifungulia ile redio sauti yote, dirisha wazi, kusudi baba asikie anavyomaliziwa. Bao la kwanza Simba. La pili Simba. Mama anasimulia kwamba kila bao likiingia jirani alikuwa anapunguza sauti kidogo, na baba anasogea kidogo kwenye ukuta wa mabati. Thuwein Ally peke yake alipiga matatu. Kufikia la tano baba alikuwa amebandika sikio kwenye bati kama stempu, anagonga, "Ongeza sauti bwana, betri nitanunua mimi!" Ikaisha 5-0. Tumepita kwa jumla ya 5-4. Redio hakurudishiwa.

Raundi iliyofuata tulitolewa na Racca Rovers ya Nigeria. Hilo mimi nimelijua nikiwa na miaka thelathini, tena nikaambiwa na mtu wa Yanga. Kwetu mwaka 1979 uliishia Lusaka.

Basi tangu hapo nyumbani kwetu ikapigwa marufuku kukata tamaa. Bati linavuja? Mufulira. Nimefeli darasa la saba? "Hiyo ni mechi ya Dar tu, mwanangu." Nilipopeleka posa kwa kina Mama Zuhura, wakanikatalia mchana kweupe, chai yenyewe hatukupewa. Baba hata hakununa. Tulipofika njia panda akanishika bega: "Tumefungwa nyumbani. Sasa twende Lusaka." Tulienda Lusaka mara tatu. Mara ya nne wakanipa mke ili tuache kuja. Ukoo mzima ni wa Yanga, na mke naye Yanga, lakini baba alihesabu tumepita.

Mtaniambia hiyo ni imani nzuri. Nzuri kwa nani? Mwaka 1993 tukafika fainali ya Kombe la CAF. Tunacheza na Stella ya Abidjan. Kule kwao 0-0, marudiano Dar. Safari hii baba akasema Mufulira haihitajiki, kazi imeshakwisha, akaagiza mchele na mbuzi mapema. Rais Mwinyi mwenyewe alikuwepo uwanjani. Akatokea mtu anaitwa Boli Zozo. Mtu anakuja kwenu na jina kama hilo, si unafunga mlango? Tukalala 2-0. Lile pilau tulilila kimya kama la arobaini. Baba akatafuna mfupa wake mpaka ukaisha, halafu akasema, "Kosa letu tuliongoza mapema." Tulikuwa hatujaongoza popote.

Mara moja tu katika maisha yangu nimewahi kukata tamaa kama binadamu wengine. Mwaka 2003, Zamalek, mabingwa watetezi. Tulikuwa tumewafunga 1-0 Dar, nikasema bao moja Cairo ni sawa na kwenda msituni na fimbo. Nikalala saa mbili usiku, usingizi mtamu ajabu. Asubuhi naamka watu wanacheza barabarani: tumewatoa kwa matuta, Juma Kaseja golini. Mtaa mzima una cha kusimulia. Mimi nina ndoto, na yenyewe nimeisahau.

Nikaapa sitalala tena. Ndipo ikaja 2021.

Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Kaizer Chiefs wakatupiga 4-0 Johannesburg. Nne! Namba ileile! Kijiwe kizima kikageuka darasa la historia, vijana waliozaliwa juzi wanasema "kumbuka Mufulira" kama walikuwepo. Wiki moja baadaye nimejibana kibanda umiza, jasho la mwenzangu ndiyo jasho langu. Bocco moja. Bocco mbili. Dakika ya 86 Chama, tatu! Nikapanda kwenye benchi. Tulikuwa saba juu ya benchi la watu wanne, likatupokea sekunde mbili likavunjika. Wakati nachomoa mguu wangu chini ya jamaa mmoja mnene, refa akapuliza. 3-0. Bao moja tu. Bao moja, na mwenye kibanda anadai benchi lake, tukachanga elfu tatutatu.

Tungefungwa 3-0 na hapa ningelala. Timu yenye huruma inakuua kabisa, unazikwa, maisha yanaendelea. Hii yangu inakuacha na kidole kimoja kinatingishika.

Tarehe 5 Novemba 2023 sitaki kuiongelea. Yanga 5, Simba 1. Nitasema tu kwamba kwa wiki nzima Mama Zuhura alinisalimia kwa kuinua kiganja chote, vidole vitano vimetanuka, "Baba Zuhura, umeamkaje?" Chapati tano. Mayai matano. Nauli akanipa mia tano. Nikamwambia hata sisi tuliwahi kuwapiga sita, 1977, Kibadeni peke yake akafunga matatu. Akaniuliza mimi 1977 nilikuwa na umri gani. Nilikuwa na miaka miwili.

Halafu mwaka 2025, fainali ya Shirikisho, Berkane. Kwao Morocco 2-0. Marudiano yakahamishiwa Zanzibar, Amaan. Mimi nilikuwa na pesa ya mota ya cherehani, nimeiweka miezi minne. Nikaitazama ile pesa. Nikajiambia mtu mzima hawezi. Kesho yake nipo kwenye boti, nimeshika mfuko wa plastiki mbele ya uso, nikirudisha chai niliyokunywa Dar na ya jana yake pia. Mzee mmoja pembeni, jezi nyekundu imepauka, akanipapasa mgongo: "Jikaze mwanangu. Unaikumbuka Mufulira?"

Mapema tu Mutale akafunga. Mzambia! Chama wa 2021 naye Mzambia! Yule mzee akanikumbatia, analia, anasema Zambia wanatulipa deni. Kipindi cha pili tukabaki kumi, Kagoma nje kwa kadi. Mukwala akafunga, uwanja ukanyanyuka, nikambusu mzee kwenye kipara. VAR ikalikataa bao, na kipara nimeshakibusu. Dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha. Moja moja. Kombe likapanda ndege.

Mama Zuhura hakucheka niliporudi, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Alinitengea uji, akakaa, akauliza taratibu, "Na mota?" Nikamwambia bado marudiano.

Ndiyo maana hata leo nakanyaga kwa mguu, na ndiyo maana bwana harusi amekaa hapo na suruali ya mguu mmoja. Ameshaacha kutazama saa. Sasa anauliza hiyo mechi ya Lusaka ilichukua muda gani kurudisha mabao yote manne. Nimemwambia dakika tisini. Ni saa nane na nusu, harusi saa kumi. Hesabu mwenyewe, kaka, na nipe hicho kitambaa ulichokikalia.