Boti ya Manda Haina Risiti

Tangu Julai 2023, mtu anayelipwa kwa maudhui ya mitandaoni hapa Kenya hukatwa asilimia 5 ya malipo yake hata kabla hayajamfikia mkononi, na vijana wengi wa Lamu wanaoishi kwa kazi hiyo huichukulia asilimia hiyo kuwa ndiyo mwisho wa hesabu baina yao na serikali. Sivyo. Fedha hizo ni malipo ya awali tu; ushuru wenyewe hukokotolewa mwishoni mwa mwaka, ritani zikijazwa kabla ya Juni 30 kupita, na kile kilichokwisha kukatwa huhesabiwa kuwa kimelipwa. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa umependekeza asilimia 15, na pengine kelele zilizopigwa kuhusu kiwango ndizo zilizotufanya tusahau jambo lililo kubwa zaidi, yaani haki ya mwenye kazi kutoa gharama zake kabla ya kutozwa.

Haki hiyo imo katika kifungu cha 15 cha Sheria ya Ushuru wa Mapato, kinachomruhusu mfanyabiashara kuondoa kwenye mapato yake gharama alizotumia kikamilifu kwa ajili ya kuyapata mapato hayo, wala si kwa jambo jingine. Tuchukue kijana aliyepokea shilingi 900,000 kwa mwaka kutokana na matangazo ya hoteli na mavazi, na akatumia 350,000 kwa boti, bando, wapiga picha na mhariri wa video. Gharama zake zikikubaliwa, ushuru wake wa mwaka, baada ya afueni ya kibinafsi, yaani punguzo la ushuru la kila mlipaji, la 28,800, ni shilingi 73,600. Zikikataliwa zote, ni 178,600. Tofauti hiyo ya 105,000, kwa mtu anayeanza, ni bei ya vifaa vya kazi vya mwaka mzima.

Lipi linaingia katika hesabu na lipi haliingii? Hapa nawaona wenzetu wakikosea pande zote mbili. Wapo wasiodai chochote kwa kuogopa, na wapo wanaotaka kudai kanzu ya Idi, kofia ya vito na biriani ya wageni kwa sababu vyote vilionekana kwenye video. Matumizi ya kibinafsi na ya nyumbani sheria imeyakataa waziwazi, na kamera kupita juu ya sinia hakuigeuzi karamu ya familia kuwa kazi. Simu inayotumika kurekodi mchana na kuzungumza na jamaa usiku nayo igawanywe kwa uaminifu, ile sehemu ya kazi tu ndiyo idaiwe. Kompyuta ina utaratibu wake, kwani bei yake haiondolewi yote mara moja bali robo kila mwaka.

Lakini kwa mtu wa Lamu ugumu hauko kwenye kanzu. Kuanzia Januari 1, 2024, gharama isiyokuwa na ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya ushuru, haikubaliwi, isipokuwa chache zilizosamehewa, na miongoni mwa zilizosamehewa ni tiketi za ndege. Msomaji anayekijua kisiwa chetu ameshaona kinakoelekea kisa hiki. Mshawishi wa mitandaoni anayetoka Nairobi hushuka kiwanja cha ndege cha Manda na tiketi inayokubalika bila ankara hiyo, kisha huvuka mlango wa bahari hadi gatini kwa boti ambayo nauli yake, kwa hesabu za ushuru, ni kama haikulipwa. Yeye boti ni safari moja. Kwa kijana wa hapa ndiyo studio. Anaikodi mashua alfajiri kuipata Shela kabla jua halijapanda, anamlipa mwenye punda apitishe mzigo vichochoroni mara tatu mpaka picha ikae sawa, anamlipa mama wa mtaa wa Langoni ampikie samaki wa kupaka mbele ya kamera. Nimeviona vithibitisho vya kazi hizo: ukurasa uliochanwa kwenye daftari, ukingo wake umelika kwa maji ya chumvi, umeandikwa kwa penseli "boti siku nzima 6,000", na chini yake sahihi ya nahodha isiyosomeka. Ujumbe wa M-Pesa upo pia, una saa na dakika. Malipo yalifanyika bila shaka yoyote, ila hakuna ankara.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba mwenye mapato makubwa kidogo huenda akaepuka adha hii yote. Biashara yenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 1 kwa mwaka, lakini yasiyozidi milioni 25, inaweza kutozwa asilimia 3 ya mauzo ghafi, bila kutoa gharama yoyote na kwa hiyo bila kutafuta ankara za manunuzi ili kuzidai. Ada za kitaalamu haziingii humo, kwa hivyo kila mmoja atazame mikataba yake kwanza. Lakini anayestahili, akiwa amepata milioni 1.2, atalipa 36,000. Yule wa 900,000 aliyekosa karatasi atalipa karibu mara tano ya hizo. Sioni haki iko wapi.

Kuna mlango uliofunguliwa. Sheria iliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024 inamruhusu mnunuzi kutoa ankara badala ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Kwa maandishi, hilo linatutosha kabisa, maana nahodha hahitaji kujifunza mfumo wowote. Kijana mwenye simu ndiye atakayefanya kazi. Kwa vitendo, nahodha akiombwa tu PIN, nambari yake ya mlipa ushuru, hurudi nyuma hatua mbili. "Mwanangu, mimi na ushuru wapi na wapi?" Siwalaumu. Mtu ambaye mapato yake hupanda Desemba na kuporomoka pepo za kusi zikianza ana sababu ya kuogopa jina lake kuingia kwenye mashine ambayo hakuna aliyewahi kumweleza inafanyaje kazi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vijana waelimishwe zaidi. Vijana wanaelewa, na wakielekezwa kuhifadhi kumbukumbu zao kwa miaka 5 kama sheria inavyotaka, watazihifadhi. Anayehitaji kuzungumziwa ni nahodha, mwenye punda na mama wa mapishi, tena kwa lugha yao na mahali pao. Mamlaka ya ushuru ilete maofisa wawili au watatu uwanjani Mkunguni, mjini Lamu, kwa wiki moja kabla msimu wa wageni haujaanza, wakae na vyama vya manahodha, waonyeshe mbele ya macho yao ankara ikitolewa na mnunuzi, na waseme kwa maandishi ni kiasi gani cha mapato ambacho mwenye mashua moja hatozwi chochote.