Gongeni Ukuta Kabla ya Kulaumu Rangi

Bado kuna watu hawajaisamehe njano ya jumba la Kifaransa la namba 49, mtaa wa Trần Hưng Đạo, Hanoi. Tangu kelele za 2023, lilipokarabatiwa na kupakwa rangi upya, wanalalamika kwamba inawaka mno, kwamba jumba la zamani limefanywa jipya. Wanaitaka ile njano iliyopauka waliyoizoea kwenye postikadi.

Jamani, chokaa mbichi huwaka. Chokaa iliyotiwa udongo wa rangi hufifia yenyewe kwa jua na mvua, misimu michache tu inatosha. Kinachoniuma mimi ni majumba ya rika lake ambayo hakuna anayeyapigia kelele: yale yaliyopigwa lipu ya saruji, kisha yakapakwa rangi ya plastiki juu yake.

Kuta zile ni za tofali laini za kuchoma, zimejengwa kwa chokaa na mchanga. Zinanyonya maji ya ardhini kama utambi, halafu zinayatoa polepole kupitia lipu. Na Hanoi ina majira Wavietnamu wanayaita nồm, mwanzoni mwa mwaka, manyunyu yasiyokatika na hewa nzito mpaka sakafu inatoka jasho. Ukuta wa chokaa huyavumilia kwa sababu unapumua. Ukiuziba kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea, yanazidi kupanda, na chumvi iliyomo inaganda nyuma ya lipu. Kila ukuta unapokauka, punje za chumvi zinakua na kuusukuma uso wa tofali. Gonga kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mlio wa debe tupu, lipu imeshaachana na ukuta. Bandua kipande: uso wa tofali umeng'oka nacho, na unga mwekundu unakumwagikia kiganjani.

Halafu anaitwa fundi, naye anaongeza saruji!

Tiba yake inajulikana. Saruji itolewe kwa tindo na nyundo, kwa mkono, maana mashine ya kuvunjia zege hutikisa hata tofali zilizo nzima. Ukuta uachwe wazi wiki kadhaa. Chumvi inayochomoza ifagiliwe kwa brashi kavu. Ukiiosha, unairudisha ndani. Chokaa iwe imerowekwa miezi 3 au zaidi, sehemu 1 kwa 3 za mchanga mkali uliooshwa. Lowanisha ukuta kwanza, tabaka moja lisizidi milimita 10, kisha funika kwa magunia mabichi. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ukaa, na bila unyevu kazi hiyo haifanyiki. Ukiiharakisha, itapasuka kama tope la bwawa lililokauka.

Rangi yenyewe ni chokaa nyepesi kama maziwa, mikono 4 au 5, mkono mmoja kwa siku. Udongo wa rangi usizidi sehemu 1 kwa 10 za chokaa, la sivyo utabaki kwenye shati la kila atakayeegemea. Ikiwa mbichi haionekani vizuri, na hapo ndipo asiyejua anapopaka nene. Baada ya siku chache inabanduka magamba.

Haya, saruji inashika haraka, inapatikana kila duka, na kwa jengo la zege haina ubaya. Na anayesema majumba haya ni ya mkoloni, amesema kweli. Lakini mikono iliyoyajenga ilikuwa ya Wavietnamu, na tangu 1954 wenyewe ndio wenye mji.

Ernest Hébrard, msanifu wa jengo la makumbusho ya historia lililokamilika 1932, aliipigia hesabu mvua ya Hanoi: mapaa yametokeza nje sana ili maji yaangukie mbali na ukuta. Mfereji mmoja wa paa ukiziba kwa majani, hesabu hiyo inaharibika. Kuzibua mfereji ni kazi ya ngazi na ndoo.

Mji Mkongwe wa Zanzibar nao unaujua ugonjwa huu, kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa zikizibwa kwa saruji.

Kwa hiyo anayeyapenda majumba ya Hanoi kwa dhati aanzie chini, mita 1 ya kwanza kutoka kwenye njia ya miguu. Hapo ndipo unyevu unapopanda, na hapo ndipo saruji hupigwa kwanza. Agonge, asikilize, ndipo aje tuzungumze rangi.