Jiwe la Bismarck na uzee wa mvuvi

Mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa Jiwe la Bismarck liko wapi. Mimi nililiona mara ya kwanza nikiwa na miaka sita au saba, baba aliponichukua kutoka Igombe kwenda naye mjini kununua nyavu. Tangu siku hiyo nikawa nalitaja jina hilo kama ninavyotaja mitaa ya Kirumba au Igogo, bila kujiuliza huyo Bismarck alikuwa nani. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima, huku Bremen, kaskazini mwa Ujerumani, siku nilipopokea slipu yangu ya kwanza ya mshahara na kukuta karibu theluthi ya fedha haipo.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Siku ile niliumia sana, maana nilikuwa nimeshapiga hesabu za kutuma nyumbani. Mama mmoja wa pale kazini, aliyebakiza miaka miwili kustaafu, akanikalisha chumba cha chai akawa anapitisha kidole mstari kwa mstari. Hii ya pensheni, asilimia 18.6 ya mshahara, nusu unatoa wewe na nusu mwajiri. Hii ya matibabu, asilimia 14.6 na nyongeza kidogo, nayo mnagawana. Hii ya siku utakapokosa kazi. Na hii ya kutunzwa utakapokuwa hujiwezi, iliyoanza 1995, ndiyo inayosaidia kulipia kazi yetu hii. Kisha akasema haya mambo yalianza na Bismarck, kansela wa Ujerumani wa enzi zile. Nilimwambia kwetu kuna jiwe ziwani lenye jina hilo, hakuamini mpaka nilipomwonyesha picha kwenye simu.

Nikaanza kusoma. Chini ya Bismarck, Wajerumani walitunga sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883, ya ajali kazini 1884, na ya uzee na ulemavu 1889. Hakuyafanya kwa huruma. Mwaka 1878 alikuwa amevibana vyama vya wasoshalisti kwa sheria, na alitaka wafanyakazi waione serikali kuwa yao kabla hawajavutwa upande wa pili. Ni huyu huyu ambaye serikali yake mwaka 1885 iliipa kampuni ya mkoloni Carl Peters hati ya kujitwalia ardhi yetu. Simsifu. Ninachotaka tukione ni kwamba pensheni ile ya 1889 ilikuwa ndogo, tena ilianzia miaka 70, umri ambao wafanyakazi wengi wa wakati ule hawakuufikia. Ujerumani ya siku zile haikuwa hii ninayoishi. Walianza na kidogo, kikaandikwa kwenye sheria, na kila kizazi kikaongeza chake.

Nalisema hili kwa sababu kila ninapozungumza na ndugu na marafiki nyumbani, jibu ni lile lile: wenzetu wana hela, sisi tutaweza wapi.

Sasa nimweleze baba yangu. Alivua dagaa kwa zaidi ya miaka 40. Anayejua uvuvi wa dagaa anajua kuwa kazi inafuata mwezi. Siku za giza mitumbwi inatoka na taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola, na dagaa wanakusanyika kwenye mwanga. Mwezi ukijaa, mwanga wa taa hauna kazi, mitumbwi inapumzika na nyavu zinashonwa. Kwa hiyo hela ya mvuvi haiji kwa tarehe. Giza likiwa zuri mnagawana, tajiri mwenye mtumbwi anatoa gharama zake kwanza, ndipo ninyi mnapata mgao. Giza likiwa baya mnarudi na deni la mafuta. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kusaini mkataba, wala hakuna aliyemkata hata shilingi kwa ajili ya uzee wake.

Najua watu wa mifuko ya pensheni watasema NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inapokea waliojiajiri, na ni kweli, mlango uko wazi. Lakini mwambie mtu anayekula kwa giza achangie mwezi hadi mwezi mpaka atimize miezi 180 ndipo apate pensheni. Huyo mtu umemwekea ngazi ambayo kipandio cha kwanza kiko juu ya kichwa chake. Tumegombana sana nchini kuhusu kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao na kiasi anachopewa mstaafu kwa mkupuo: asilimia 25 mwaka 2018, halafu 33 mwaka 2022, na waliogombana walikuwa na haki ya kugombana. Ila ule ulikuwa ugomvi wa wenye mshahara. Kule mwaloni, ufukweni mitumbwi inapofikia, hakuna aliyejua kikokotoo ni nini, kwa kuwa hakuna cha kukokotoa.

Hata kwenye ajali ni hivyo hivyo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi 2015 na nashukuru upo. Unamlinda mwenye mwajiri. Kijana anayeanguka majini usiku akiwa kwenye mtumbwi wa mtu, bila mkataba, mkewe anapata mchango wa mwaloni na viroba viwili vya unga. Nimeshuhudia hilo zaidi ya mara moja, na nilikuwa bado mtoto.

Kwa walio chini kabisa kuna TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, nami sitaki kuipita haraka. Mfuko huo upo tangu mwaka 2000, na mpango wa kunusuru kaya maskini ulianza mwaka 2012 ukakua hadi kufikia kaya zaidi ya milioni moja. Shangazi yangu wa Magu alikuwa mlengwa. Malipo yalikuwa ya kila miezi miwili, si makubwa, lakini alinunua mbuzi wawili, akawapeleka wajukuu shule wakiwa na sare, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akipanga mambo ya mwezi ujao. Zamani alikuwa akipanga mambo ya jioni. Wanaosema fedha zile huishia kwenye pombe hawajamwona shangazi yangu akihesabu noti zake juu ya mkeka.

Tatizo langu na mpango ule ni la msingi wake. Kaya huteuliwa: mkutano wa kijiji unataja majina, dodoso linapita, wengine wanaingia na wengine wanabaki. Kijiji ambacho wengi ni maskini kinaambiwa kiwachague maskini zaidi, na jirani aliyebaki nje anaishi ukuta kwa ukuta na aliyeingia, wote wakichota maji kisima kimoja. Kisha lengo ni kaya zihitimu na kutoka. Kwa kijana mwenye nguvu sawa. Bibi wa miaka 78 anahitimu kwenda wapi? Na sehemu kubwa ya fedha zenyewe imekuwa mikopo ya Benki ya Dunia na michango ya wafadhili, ambao siku wakibadili mawazo hatutakuwa na la kuwaambia.

Huku nilijifunza tofauti ya kusaidiwa na kustahili. Kila mtoto anayelelewa hapa, wa daktari na wa mfagiaji, analipiwa posho ile ile, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mwezi. Hakuna mkutano wa mtaa wa kujadili nani mnyonge. Kwa hiyo hakuna wa kumwonea mwenzake kijicho, wala wa kumshukuru kiongozi.

Mwaka wa pili nikiwa hapa nilinyimwa stahili moja na ofisi fulani, kisa cheti changu cha kuzaliwa. Nilidhani yamekwisha. Yule mama wa kazini akaniambia geuza barua, soma chini kabisa. Pale chini palikuwa na aya inayosema nina mwezi mmoja wa kuleta pingamizi, nilipeleke wapi, na nisiporidhika niende mahakama gani. Niliandika kwa Kijerumani changu cha kuokoteza. Baada ya wiki saba walikubali, wakalipa na za nyuma. Niliikunja ile barua nikaihifadhi pamoja na pasipoti. Si kwa ajili ya zile fedha. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kwa ofisi ya serikali kuniandikia kwamba inaweza kuwa imekosea, na kunionyesha njia ya kuishtaki.

Linganisha na mzee wangu. Sera ya Taifa ya Wazee ni ya 2003, na msamaha wa matibabu kwa wazee wasio na uwezo kuanzia miaka 60 unafahamika. Mwaka juzi alikwenda kwenye kituo kimoja cha afya kwa ajili ya presha. Dirisha la wazee lilikuwepo, maandishi mazuri ya rangi ya bluu. Vidonge havikuwepo. Akaambiwa akanunue duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Hakupewa karatasi ya kuonyesha alifika, wala mahali pa kuuliza vidonge vitakuja lini. Alirudi nyumbani na alinificha hilo wiki tatu.

Ila nisiwadanganye wanaotamani kuja. Mfumo wa huku una mashimo yake, na wanaodumbukia ni wazee wenyewe. Karibu na stesheni kuu ya treni hapa Bremen utawakuta wazee waliovaa kwa heshima wakipitisha mkono kwenye mapipa kutafuta chupa, kwa kuwa chupa ya plastiki ya kutumika mara moja ukiirudisha dukani unapewa senti 25, ya bia ya glasi senti 8. Posho ya kuwaongezea wenye pensheni ndogo ipo kisheria tangu 2003, lakini kuna wasioiomba kwa aibu, au kwa kuogopa kurasa za fomu. Hofu nyingine ni kwamba serikali itawadai watoto wao, ingawa sheria inasema mtoto haguswi mpaka kipato chake kipite euro 100,000 kwa mwaka.

Na upweke upo. Nimewafumba macho wazee watatu ambao hakuna ndugu aliyefika. Vyumba safi, dawa kwa saa, shuka zimenyooshwa, na mtu wa mwisho kumshika mkono ni mimi, mtoto wa mvuvi wa Igombe. Usiku kama huo nikitoka kazini natembea kwa miguu hadi nyumbani ingawa tramu zipo.

Kutokana na hilo wengi wetu tulioko nje tumezoea kusema nyumbani tuna undugu, hatuhitaji mambo ya Wazungu. Nimelikataa neno hilo. Undugu unamzunguka mzee, unamsikiliza, unamzika vizuri sana. Undugu haununui vidonge vya presha kila mwezi kwa miaka kumi, isipokuwa kuna mtu mmoja wa kuubeba. Kwetu huyo mtu ni mimi. Nikipoteza kazi, wazee watatu na wanafunzi wanne wanapoteza nao siku hiyo hiyo. Na Usukumani tunajua lingine, gumu kulitamka: vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, macho yao mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini. Sisemi umaskini ndiyo sababu pekee. Ila naamini bibi mwenye fedha yake, inayomfikia kwa jina lake, si rahisi kugeuzwa mzigo wa ukoo.

Mfano tunao, tena ndani ya Muungano. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016: kila mzee aliyetimiza miaka 70, aliyeajiriwa na asiyeajiriwa, shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka bajeti ya Zanzibar yenyewe. Miaka 70, kama ya Bismarck. Na kwetu kanda ya ziwa, Nshamba wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee limelipa pensheni ndogo kwa wazee ambao wengi wao wanalea wajukuu yatima. Kwa hiyo hakuna wa kutuambia wazee wa huku hawajui kutumia fedha za mwezi.

Mimi naomba jambo moja kwa Tanzania Bara: pensheni ya kila mzee, bila dodoso, bila mkutano wa kuteua. Ianze hata na miaka 75 ikiwa fedha ni chache. Iwe ndogo, lakini iwe na tarehe, iandikwe kwenye sheria, na anayenyimwa apewe barua yenye sababu na mahali pa kukata rufaa. Kitambulisho cha taifa, cha NIDA, kipo. Simu zenye fedha zipo hadi kambi za visiwani. Ikibidi sisi tulioko nje tukatwe kidogo kwenye tunachotuma, mimi nitakuwa wa kwanza kukubali, mradi nione kinakwenda wapi.

Huwa natuma tarehe mosi. Novemba iliyopita niliumwa, nikalazwa, fedha zikachelewa siku tisa. Mzee hakupiga simu kuuliza, alijua sina tabia hiyo na hakutaka kunisumbua. Shangazi ndiye aliyeniambia baadaye kwamba siku hizo baba, na miaka yake 74, alikuwa akishuka mwaloni alfajiri kuanika dagaa wa watu.