Nilivyogeuzwa Afisa Kazi Getini

Ukitaka kujua kampuni inaishije, usingoje siku ya usaili. Siku hiyo hata mhuri unapanguswa vumbi. Nenda jana yake, kwenye saa kumi na moja jioni, ukae mahali unapoliona geti. Nami nikakaa kwenye benchi la mama ntilie, mkabala na kampuni moja ya kusambaza soda hapa Dar iliyoniita kwenye usaili wa kazi ya stoo, nimevaa shati jeupe, mkononi kalamu na daftari. Hilo daftari ndilo lililoniponza.

Nilianza na mama ntilie, maana kitabu chake cha madeni hakina unafiki. Wafanyakazi wakikopa wali kuanzia tarehe 20, hayo ni maisha tu. Wakikopa mwanzoni mwa mwezi, mshahara haujatoka. Siku ile ilikuwa tarehe 9. "Mwanangu, hawa wote nawadai, mpaka yule wa rasilimali watu." Nikaandika.

Saa kumi na moja ikapita, hakutoka mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Za ziada zisizidi 50 katika wiki 4, na kila moja ilipwe mara 1.5 ya malipo ya saa ya kawaida. Jioni moja pekee haithibitishi kitu, huenda wanahesabu stoo. Nikavuka barabara kumuuliza mlinzi.

"Shikamoo mzee. Hawa hutoka saa ngapi?"

"Marahaba. Bosi akitoka."

"Na bosi hutoka saa ngapi?"

"Hilo tunamwachia Mungu."

"Saa za ziada wanalipwa?" Akacheka mpaka akashika geti. "Na wewe mzee, una mkataba wa maandishi?"

Kicheko kikakatika. Akatazama shati, akatazama daftari, akanidhania afisa kazi, mkaguzi wa serikali, akapiga saluti. "Mheshimiwa, subiri nikufungulie."

Meneja alinijia mbio huku akifunga tai. Kiyoyozi kikawashwa, sambusa zikaja. Kila nilipotaka kueleza kwamba naombea ile nafasi ya stoo, alinikatiza: "Tunajua, mheshimiwa, tunarekebisha!" Dirishani niliona wafanyakazi wanaswagwa kwenda nyumbani kama kuku shambani. Kisha akamfokea dada wa mapokezi mbele yangu, eti soda haina baridi. Kwenye kampuni ya soda!

Hapo ndipo pa kukodolea macho, namna bosi anavyosema na asiyeweza kumjibu. Ile hotuba ya "hapa sisi ni familia" haina kazi. Ukiisikia, uliza palepale: ni nani wa mwisho kumaliza siku zake 28 za likizo, na lini? Penye likizo watataja jina. Pasipo likizo watakwambia wanajali sana afya za watu.

Kesho yake saa tatu asubuhi nikaingia kwenye usaili. Meneja akasimama, akanisogezea kiti upande wa jopo. Nikasema mimi ni mwombaji. Wakacheka kwa heshima, wakaona ni mbinu ya ukaguzi, wakaniomba niulize nitakacho.

"Aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla yangu yuko wapi?"

Wote watatu wakajibu kwa pamoja: "Alilipwa haki zake zote!"

Swali hilo huwa halikosi. Aliyepandishwa cheo utaambiwa yuko chumba cha pili, ukamsalimie. Wa hapa sikuambiwa hata jina.

Mhasibu ndiye aliyekumbuka kufungua bahasha yangu na kukuta wasifu na vyeti. Usaili ukafa palepale, na sambusa za jana zikaanza kutajwa kwa uchungu. Kazi nikaikosa bila kuijutia. Lakini wiki ileile walinzi walipewa mikataba ya maandishi. Mzee wa getini bado ananiita mheshimiwa. Juzi kanipigia simu, nipite tena jioni na daftari, hawajalipwa ile nyongeza ya asilimia 5 ya kazi za usiku.